Barabara ya Wengi na Kaburi katika Shamba la Mjane

Ndugu katibu wa kamati ya barabara,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla ya kuijibu naomba niwaeleze wasomaji wengine ulichouliza. Kijiji chenu, kilicho upande wa Tororo, mashariki mwa Uganda, kina kaya 140 ambazo kila msimu wa mvua hukosa njia ya kwenda sokoni na kwenye kituo cha afya, na mwaka jana mama mjamzito alibebwa juu ya kitanda cha kamba kwa sababu bodaboda zilikwama matopeni. Kamati imependekeza barabara mpya ipite katika shamba la mama mmoja mjane, mwenye eka moja na nusu ya mihogo na wimbi. Kwa kuwa shamba ni jembamba na barabara itafuata urefu wake, zaidi ya robo ya ardhi yake itakwenda, na katika robo hiyo limo kaburi la mumewe lililojengewa saruji. Ipo njia nyingine ya kuzunguka kinamasi, lakini inahitaji kalavati mbili na udongo mwingi wa kujazia, na fundi amekadiria kwamba itawagharimu shilingi milioni 6 zaidi. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliitisha kikao, akasema "wengi wape", mikono ikainuliwa, na watu wanne tu wakakataa. Mjane hakuitwa, kwa sababu, kama ulivyoandika kwa ukweli ninaouheshimu, mlijua kwamba atakataa. Sasa binti yako anayesoma chuo kikuu huko Kampala amekueleza kwamba kuna falsafa inayofundisha kuwa tendo jema ni lile linalozaa furaha nyingi kuliko matendo mengine yote yaliyowezekana, nawe unaniuliza: je, kwa falsafa hiyo kamati haijatenda haki? Na kama imetenda haki, mbona hupati usingizi?

Binti yako hakukudanganya. Falsafa hiyo ipo, na katika darasa langu nimeifundisha kwa heshima kwa miaka mingi chini ya jina la nadharia ya manufaa. Aliyeijenga ni Jeremy Bentham, mwanasheria wa London aliyezaliwa mwaka 1748 na kufariki mwaka 1832, ambaye kitabu chake kikuu juu ya jambo hili kilitolewa mwaka 1789. Aliishi katika nchi ambayo sheria zake ziliruhusu mtu anyongwe kwa wizi mdogo, na ambayo majaji wake walijibu kila swali kwa kusema kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa tangu zamani. Yeye aliuliza swali ambalo hadi leo huwatoa jasho watawala: sheria hii inamsaidia nani, inamuumiza nani, na kwa kiasi gani? Katika hesabu yake, mfalme alihesabiwa kuwa mtu mmoja, na mpagazi akahesabiwa kuwa mtu mmoja. Sisi tuliozoea kuona maumivu ya mtu mkubwa yakihesabiwa mara mia na ya mtu mdogo yakisahauliwa, tusiidharau falsafa iliyosema hivyo miaka zaidi ya 200 iliyopita.

Lakini kamati yenu, ndugu yangu, haikuitumia. Kilichofanyika kikaoni ni kuhesabu vichwa, na Bentham hakufundisha kuhesabu vichwa. Alitaka kila raha na kila maumivu yapimwe kwa ukali wake, kwa muda wake, kwa uhakika wa kutokea kwake, kwa ukaribu wake, kwa uwezo wake wa kuzaa raha au maumivu mengine, na kwa usafi wake, yaani kama raha hiyo haitafuatwa na machungu. Kisha, baada ya hayo yote, ndipo aliuliza ni watu wangapi watakaoguswa. Idadi ya watu ni kipimo kimoja kati ya saba. Mkono ulioinuliwa na mtu atakayefupishiwa safari kwa dakika ishirini, na mkono ambao mjane angeuinua kwa ajili ya chakula chake na kaburi la mumewe, vilevile ni mkono mmoja mmoja machoni mwa mwenyekiti, lakini katika mizani ya Bentham mikono hiyo haina uzito sawa hata kidogo.

Hata ile methali ya "wengi wape" ilikatwa katikati. Wazee waliotuachia Kiswahili hawakuishia hapo. Walisema wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao. Methali hiyo inatoa onyo juu ya nguvu ya watu wengi, kwamba wakinyimwa watanyang'anya, wala haisemi popote kwamba wakinyang'anya watakuwa wametenda haki. Na wazee walewale walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Basi tuifanye hesabu ya kweli, mimi na wewe. Kosa la kwanza ni kwamba mlilinganisha barabara ya shambani na kukosa barabara kabisa, ilhali nadharia ya manufaa inataka tendo lilinganishwe na matendo mengine yanayowezekana, na ninyi mnayo njia ya kinamasi. Njia hiyo nayo inafika sokoni, nayo inafika kwenye kituo cha afya, na mama mjamzito atakayepita huko atafika salama sawasawa na yule ambaye angepita juu ya kaburi. Tofauti ya njia hizi mbili ni shilingi milioni 6, na milioni 6 ukizigawa kwa kaya 140 hazifiki shilingi 43,000 kwa kaya. Kwa nyumba inayoishi kwa kuuza mihogo sizidharau fedha hizo, ingawa sehemu yake inaweza kulipwa kwa kubeba udongo, na inaweza kulipwa kwa misimu miwili au mitatu. Lakini tazama jinsi swali lilivyobadilika. Mikono ile haikuinuliwa ili kumwokoa mama mjamzito, bali iliinuliwa ili kila kaya isilipe shilingi 43,000, na gharama ambayo kaya 140 zilikataa kuigawana ikatwikwa mtu mmoja ambaye hakuwapo.

Kosa la pili ni kusahau kwamba kipande kilekile cha ardhi hakiumi sawa kila kinapokatwa. Ukimwondolea robo eka mtu mwenye eka kumi, atanung'unika wiki moja. Ukimwondolea mama mwenye eka moja na nusu zaidi ya robo ya shamba lake, umemwondolea miezi ya chakula kila mwaka hadi atakapokufa. Bentham alilijua hili vizuri, na aliliona pia jambo la tatu ambalo kikao hakikuligusa: kwamba kazi kubwa kuliko zote ya sheria ni kumpa mtu uhakika kuwa alicho nacho leo atakuwa nacho kesho. Siku shamba hilo litakapokatwa kwa kuinua mikono, kila mjane, kila mzee asiye na watoto wa kumsemea, kila mtu wa ukoo mdogo kijijini atalala akijiuliza kikao kijacho kitaitishwa juu ya nani. Hofu hiyo nayo ni maumivu, na inapaswa kuandikwa katika hesabu.

Ningeweza kuishia hapa na kukuambia kwamba Bentham mwenyewe yuko upande wa mjane. Ningekuwa nimekupunja, kwa sababu jibu hilo linasimama juu ya tarakimu, na tarakimu hubadilika. Tuseme kinamasi hakipitiki kwa fedha yoyote. Tuseme kaya si 140 bali 3,000. Mizani itaanza kulala upande wa pili, na hapo falsafa hii itakuambia bila kusitasita kwamba sasa ni haki, na si haki tu bali ni wajibu. Je, wakati huo mjane atakuwa hana tena neno la kusema?

Nilikulia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, juu ya Mbale, ambako kila nyumba ilikuwa na kahawa. Siku moja, nikiwa na umri wa miaka kama kumi, niliandamana na baba kupeleka gunia letu kwa mnunuzi. Foleni ilikuwa ndefu na wingu la mvua lilikuwa limeshatanda, kwa hiyo mpimaji akaamuru magunia ya majirani sita yapangwe kwa pamoja juu ya mizani, akasoma jumla, akaigawa kwa sita, akaanza kuandika stakabadhi. Watano kati ya wale sita walifurahi, kwa kuwa magunia yao yalikuwa yamelegea, na letu lilikuwa mojawapo. Wa sita alikuwa mzee mmoja ambaye gunia lake lilijaa hadi shingoni, limeshonwa kwa kamba ya katani kwa mishono mirefu, nalo ndilo lililowekwa chini kabisa, limebanwa na mengine. Alisimama akilitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Mimi sikuja na magunia sita." Hakuna aliyemjibu, na baba yangu pia hakumjibu, jambo ambalo alilijutia njia nzima tuliporudi nyumbani. Mizani haikudanganya siku ile. Jumla ilikuwa sahihi, hata ratili moja haikupotea.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa nadharia ya manufaa, na katika miaka yote niliyoisoma sijaona dawa yake ndani ya nadharia yenyewe. Inakusanya furaha za watu kana kwamba zote zinaingia katika tumbo moja. Mtu mmoja akikubali kung'olewa jino leo ili alale vizuri mwezi mzima, ana akili, kwa sababu kinywa kitakachouma ni chake na usingizi utakaokuja ni wake. Katika kijiji chenu kinywa kitakachouma ni cha mjane, na usingizi utakwenda kwa wengine, wala hakuna mtu yeyote duniani ambaye jumla ya furaha ya kaya 140 itamjia akaisikia na kusema kwamba imezidi. Mwanafalsafa Mmarekani John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alilieleza kosa hili kwa kusema kwamba nadharia hii haichukulii kwa uzito ukweli kwamba watu ni wengi na kila mmoja ni nafsi yake, tofauti na mwenzake. Mzee wa magunia alikuwa amelisema kabla yake, kwa maneno machache zaidi.

Sisi Waganda wa Uganda nzima, wa makabila yote, tunao mfano wetu ambao hatuna budi kuukumbuka kila tunaposikia neno "wengi". Mwezi Agosti mwaka 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini kwa muda wa siku 90, akaliita jambo hilo vita vya uchumi, na hoja iliyotolewa ilikuwa hii hii: wachache wameshika maduka na viwanda, wengi hawana kitu, kwa hiyo wachache wakiondolewa wengi watafurahi. Na wengi kweli walifurahi, nilikuwapo. Baadaye sukari ikapotea, sabuni ikapotea, viwanda vikasimama, na magendo yakawa ndiyo biashara ya nchi. Mfuasi wa Bentham atasema kwamba kufukuza watu kulikuwa kosa kwa sababu hesabu ilitoka vibaya, na ni kweli ilitoka vibaya. Lakini jiulize kwa dhati: kama viwanda vingeendeshwa vizuri na sukari ikajaa madukani, je, kufukuza familia nzima kwa ajili ya asili yao, wakiacha nyumba na makaburi yao, kungekuwa haki? Mimi nasema hapana, na nadhani nawe unasema hapana. Basi ubaya wa tendo lile ulikuwapo tangu siku ya kwanza, kabla ya duka hata moja kubaki tupu, na hesabu ya furaha haikuwa na mahali pa kuuandika.

John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza aliyeishi kati ya mwaka 1806 na 1873 na ambaye alilelewa katika mafundisho ya Bentham tangu utotoni, aliliona shimo hili akajaribu kulifukia. Alisema kwamba haki za mtu mmoja zilindwe kwa nguvu kubwa kuliko starehe za kawaida, kwa sababu usalama ndio furaha ambayo bila yake hakuna furaha nyingine inayokaa. Ni jibu zuri, na mwenyekiti wako akilikubali tu, mjane atabaki na shamba lake. Hata hivyo halinitoshi, kwa kuwa kwa jibu hilo mjane analindwa kwa sababu majirani zake wangeogopa. Kama ungekata shamba lake kwa siri, bila jirani yeyote kujua wala kuogopa, ulinzi huo ungeyeyuka. Nami naamini kwamba angekuwa amedhulumiwa vilevile.

Wako watakaokuambia kwamba wasiwasi huu ni wa Wazungu, kwamba Mwafrika huitanguliza jamii, na watamtaja marehemu John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere na ambaye mwaka 1969 aliandika kwamba mtu huwa yupo kwa kuwa wenzake wapo. Wakimtaja, waombe wamsome mpaka mwisho. Katika jamii anayoieleza Mbiti, wafu ambao bado wanakumbukwa kwa majina yao ni wafu walio hai, na ni sehemu ya jamii hiyo. Mume wa mama huyu ana jina, na mkewe bado analitaja. Kwa hesabu ya Bentham marehemu hahesabiwi, kwa sababu haoni raha wala maumivu. Kwa hesabu ya wazee wetu kikao chenu kilimwacha nje mjane na kikamwacha nje mumewe pia, na mtu hawezi kuchukua neno "jamii" kutoka kwa wazee huku akiwaacha makaburini wale ambao wazee waliwahesabu.

Usije ukanielewa kwamba mtu asijitoe kamwe kwa ajili ya wengi. Mwezi Oktoba mwaka 2000 Ebola ilipozuka Gulu, kaskazini mwa Uganda, Dakta Matthew Lukwiya alikuwa Kampala akisoma, akarudi katika Hospitali ya Lacor aliyokuwa akiiongoza, akakaa na wagonjwa pamoja na wauguzi wake hadi yeye mwenyewe alipoambukizwa na kufariki tarehe 5 Desemba. Katika mlipuko ule watu 425 waliugua na 224 walifariki, na bila shaka wangekuwa wengi zaidi kama yeye na wenzake wangekimbia. Tendo lake lilizaa wema ambao hauna kipimo. Lakini kama mkutano ungeinua mikono na kumsukuma ndani ya wodi akiwa anakataa, idadi ya waliopona ingeweza kuwa ileile, na sisi tungekuwa tunasimulia habari ya uovu. Furaha na maumivu yangekuwa na uzito uleule kwenye mizani, ilhali matendo ni mawili yasiyofanana hata kwa rangi: mtu kujitoa, na mtu kutolewa.

Katiba yetu ya mwaka 1995 imeandikwa na watu walioijua tofauti hiyo kwa mwili wao. Ibara ya 26 inakubali kwamba ardhi ya mtu inaweza kuchukuliwa kwa matumizi ya umma, lakini kwa sheria, pale tu inapokuwa lazima, na kwa fidia ya haki inayolipwa kabla ardhi haijaguswa. Ibara ya 44 inakwenda mbali zaidi na kutaja mambo ambayo hayawezi kupunguzwa kwa sababu yoyote: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, haki ya kusikilizwa, na haki ya aliyekamatwa kufikishwa mbele ya mahakama. Mwaka 2017 serikali ilileta muswada wa kuibadili Ibara ya 26 ili ujenzi uendelee wakati fidia bado inabishaniwa, kwa hoja kwamba mtu mmoja asicheleweshe barabara za nchi nzima. Wananchi waliupinga kila mahali, na haukuwa sheria. Mimi huona upinzani ule kama somo bora la maadili kuliko masomo niliyowahi kufundisha, kwa sababu walioupinga walikuwa watu walewale wanaozihitaji barabara.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hesabu ya furaha mnapaswa kuifanya, tena kwa uangalifu kuliko mlivyoifanya, kwa sababu atakayekataa kuhesabu ataishia kuwasahau akina mama wanaobebwa kwa vitanda. Ila hesabu hiyo itumike kuchagua kati ya njia ambazo kila anayeguswa amesikilizwa juu yake, na isitumike kuamua ni nani asisikilizwe. Kama kweli kusingekuwa na njia nyingine, ningekubali, kwa moyo mzito, kwamba kipande cha shamba kinaweza kuombwa, na hata kuchukuliwa kisheria kwa fidia kamili iliyolipwa mapema. Lakini njia ipo, na mlichokosa ni shilingi 43,000 na ujasiri wa kukaa mbele ya mama mmoja.

Kikao cha pili kiitishwe, na kiitishwe nyumbani kwake. Mwenyekiti aende kwanza siku moja kabla, bila karatasi, amwombe radhi kwa kutomwita. Kikaoni, fundi aeleze njia zote mbili na gharama zake, na mama aulizwe anaona nini, kisha watu wanyamaze mpaka amalize, hata kama atalia, hata kama atatukana. Inawezekana akakataa kabisa, nanyi mtaanza kuchanga fedha za kalavati. Inawezekana pia akaonyesha kwa mkono ukingo wa shamba ambao ninyi hamkuufikiria, mbali na kaburi, akasema pitieni pale. Ikiwa hivyo, kamba ya kupimia mumpe mwanawe aishike, na fidia ya kila mche wa muhogo ilipwe kabla jembe la kwanza halijapiga.